Barua ya Wazi kwa Wanaoshika Kanda za Bendi Kongwe za Roki: Tuambieni Kilichomo

Kwa: Wakurugenzi wa kampuni za rekodi, mameneja wa bendi, na wasimamizi wa mali za wanamuziki waliofariki

Yah: Singo za bendi kuungana tena na matoleo ya nyimbo adimu

Waheshimiwa,

Salaam kwenu nyote. Naandika hadharani kwa sababu njia ya faragha imeshindikana. Kwa muda mrefu sisi mashabiki wa bendi kongwe za roki tumekuwa tukiziandikia idara zenu za huduma kwa wateja, tukiuliza maswali ambayo mtu aliyekuwepo studio angeyajibu kwa sentensi moja. Nani anapiga besi kwenye singo hii mpya? Sauti hii ilirekodiwa mwaka gani? Toleo hili la wimbo ni lilelile la miaka kumi iliyopita, au ni jingine? Tunachojibiwa ni shukrani kwa mapenzi yetu kwa bendi, pamoja na kiungo cha kwenda dukani. Swali linabaki palepale.

Naomba msituchukulie kama watu wasioridhika na chochote. Tunazipenda nyimbo hizi, tena sana. "Now and Then" ya The Beatles ilipotoka tarehe 2 Novemba 2023, watu wazima walitokwa na machozi. John Lennon, mwimbaji wa bendi hiyo, aliuawa Desemba 1980, na hapo sauti yake ilisikika karibu na safi kuliko ilivyowahi kusikika katika kanda ile. Wimbo ulifika nambari moja Uingereza, miaka 54 baada ya bendi hiyo kukaa hapo kwa mara ya mwisho mwaka 1969. Mashabiki wa aina hiyo hawahitaji kubembelezwa wanunue. Shida yetu ni moja, na malalamiko yote yanayofuata yanatoka humo: mnatuuzia kitu bila kutueleza ni kitu gani.

1. Hatuambiwi nani amepiga nini, wala mashine imefanya nini

Nitakaa hapa kwa kirefu, maana hapa ndipo imani inapovunjika.

Juni 2023 Paul McCartney, mwenzake Lennon katika bendi, aliiambia redio ya BBC kwamba akili bandia imetumika kukamilisha wimbo wa mwisho wa The Beatles. Hakufafanua, na mara moja mashabiki wengi waliamini kwamba sauti ya Lennon imetungwa na kompyuta. Wengine wakaapa hawataisikiliza kabisa. Ikabidi McCartney atoe ufafanuzi kwamba hakuna sauti iliyobuniwa. Mpaka wimbo unatoka, filamu fupi ya dakika 12 ilikuwa imeeleza kila hatua, na hasira ikashuka. Lennon alikuwa ameimba na kupiga piano nyumbani kwake New York mwishoni mwa miaka ya 1970, akijirekodi kwenye kaseti. Yoko Ono, mjane wake, akamkabidhi McCartney kanda hizo mwaka 1994. Mwaka 1995 wanabendi watatu waliobaki, McCartney, George Harrison na Ringo Starr, wakajaribu kuukamilisha pamoja na prodyuza Jeff Lynne, wakauacha, kwa sababu piano ilikuwa inaifunika sauti na kaseti yenyewe ilikuwa na mvumo. Miaka mingi baadaye timu ya mwongozaji wa filamu Peter Jackson ikapata njia ya kuifundisha kompyuta kuitenga sauti ya mtu na piano yake. George Harrison alifariki mwaka 2001, lakini gitaa alilopiga mwaka 1995 lilihifadhiwa na limo. Ringo Starr akapiga ngoma upya. Hata sauti za kuitikia nyuma zilitajwa zimetoka wapi: zilichukuliwa kwenye rekodi za "Here, There and Everywhere", "Eleanor Rigby" na "Because".

Tukiyajua hayo tuliweza kubishana kama watu wenye akili zao. Waliokuwa wameisikia ile demo, yaani rekodi ya awali ya Lennon, kwenye rekodi za magendo waligundua mara moja kwamba kipande kizima cha wimbo kimeondolewa, kile ambacho Lennon anaimba kwamba hataki kumpoteza anayemwimbia. Wapo wanaosema wimbo umenyooka bila kipande hicho. Mimi naona kimeondoka na uchungu uliokuwa unaubeba wimbo wote. Lakini hakuna kati yetu aliyedai kwamba ametapeliwa, maana kila mmoja alijua anabishania nini.

Queen nao walifanya vizuri. "Face It Alone" ilipotoka Oktoba 2022, tuliambiwa ni sauti ya marehemu Freddie Mercury, mwimbaji wao, iliyobaki kwenye kanda za mwaka 1988, bendi ilipokuwa ikiandaa albamu ya The Miracle, na kwamba wenzake Brian May na Roger Taylor walikuwa wameona haiokoleki mpaka mafundi walipoviunganisha vipande vyake. Ukisikiliza ukiwa na habari hiyo, unasikia vilevile kazi ya mafundi hao, na unawaheshimu.

Sasa linganisheni na tunachopewa mara nyingi: jina la bendi, picha ya miaka ya sabini, tarehe ya kutoka, basi. Sauti ya mwimbaji aliyepita umri wa kuimba vile inatoka nyororo ajabu, na hatuambiwi kama ni koo lake, ni kanda ya zamani, au ni programu. Mpiga ngoma wa awali yuko kwenye picha, lakini ngoma inasikika kama mtu mwingine kabisa. Tunabaki kukisia. Na anayekisia hukisia mabaya zaidi ya ukweli wenyewe, kama ile Juni 2023 ilivyoonyesha. Wanaoumizwa na ukimya wenu wa kwanza ni wanamuziki wenyewe: yule wa kukodiwa aliyepiga vizuri asitajwe, na yule mzee aliyeimba kweli kwa koo lake akashukiwa kwamba ni kompyuta.

2. Wimbo mmoja mpya unafungiwa ndani ya boksi la nyimbo tulizokwisha kununua

Neno "adimu" limechakaa mikononi mwenu. Shabiki ananunua seti ya boksi yenye CD nyingi, santuri, kitabu na mabango, kumbe kisichowahi kutoka ni vitu viwili vitatu. Vingine ni albamu ileile aliyonayo tayari katika sura nyingine, na demo zilizokwisha kutoka katika boksi la miaka ya nyuma.

Novemba 2025 The Beatles walipotoa Anthology 4, mkusanyiko wa rekodi zao za kabatini, rekodi ambazo hazijawahi kutoka zilikuwa 13. Nyingi ya zilizobaki zilikuwa zimeshauzwa katika matoleo makubwa ya miaka ya karibuni. Mashabiki walizihesabu siku orodha ilipotangazwa, na ndiyo maana mjadala ukawa wa orodha badala ya muziki. Ilisikitisha, kwa sababu humo humo mlikuwa na kazi mpya ya maana: Jeff Lynne alirudia kuchanganya "Free as a Bird" na "Real Love" kwa sauti ya Lennon iliyosafishwa, na tofauti na zile za 1995 na 1996 inasikika wazi hata kwa mtu asiye fundi. Kazi hiyo ingestahili kuzungumziwa wiki nzima.

Halafu kuna matoleo ya Desemba. Mashabiki wa siku nyingi tunayafahamu na tunajua yanatoka wapi. Umoja wa Ulaya uliongeza muda wa kulinda rekodi kutoka miaka 50 hadi 70 kwa sheria ya mwaka 2011, lakini rekodi iliyokaa miaka 50 bila kutolewa hainufaiki na nyongeza hiyo. Ndipo rekodi zinapotolewa haraka mwaka unapokaribia kuisha, kimyakimya, ili haki isipotee. Mwaka 2012 mkusanyiko wa namna hiyo wa mwanamuziki wa Marekani Bob Dylan ulitoka Ulaya kwa nakala zipatazo 100 tu. Desemba 2013 rekodi 59 za The Beatles za mwaka 1963 ziliwekwa iTunes. Sisemi ni kosa kisheria. Nasema kwamba kutoa nakala 100 za kitu kinachopendwa na mamilioni ni kuwaambia mashabiki kwamba kimetolewa kwa ajili ya wanasheria.

Mnataka mfano wa namna bora? Uko kwa Dylan huyohuyo. Watu walipoanza kuuza rekodi zake za magendo mwaka 1969, ile waliyoiita Great White Wonder, ilionekana kwamba kiu ya mashabiki haizimwi kwa kufunga kabati. Kuanzia 1991 mfululizo rasmi wa The Bootleg Series ukaanza kutoka. Toleo la 2015, lenye rekodi za 1965 na 1966, lilikuja kwa ukubwa wa aina tatu: CD 2, CD 6 na CD 18. Lile kubwa lilikuwa na nakala 5,000 tu, na hilo liliwauma wengi, nami nakubaliana nao. Hata hivyo mnunuzi wa CD 2 alijua anaacha nini, na mwenye hamu ya kusikia wimbo mmoja ukijaribiwa mara ishirini alijua uko wapi. Kizuri chajiuza, kikielezwa vizuri chajiuza zaidi.

3. Sauti imebanwa mpaka haina pumzi

Hili nilieleze kwa lugha nyepesi, kwa ajili ya wakurugenzi ambao si watu wa studio. Katika wimbo wa roki kuna sehemu za chini na sehemu za juu, na mshtuko wa ngoma unatokana na umbali kati ya hizo mbili. Rekodi ikibanwa ili isikike kubwa muda wote, umbali huo unapotea. Ngoma iliyotakiwa kukushtua haikushtui, na baada ya nyimbo tatu masikio yamechoka bila kujua kwa nini.

Metallica walipotoa Death Magnetic Septemba 2008, mashabiki waligundua kwamba nyimbo hizohizo zilisikika vizuri zaidi ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero, kwa kuwa humo hazikubanwa vile. Maelfu wakatia saini ombi la albamu kuchanganywa upya. Fundi wa masteringi, yaani hatua ya mwisho ya kuandaa sauti kabla ya kutolewa, naye akaeleza kwamba nyimbo zilizokwisha kuchanganywa zilimfikia zikiwa zimeshabanwa. Huo ni mwaka 2008, na bado tunaletewa albamu za miaka ya sabini "zilizosafishwa upya" huku zimebanwa kuliko santuri yake ya kwanza. Andikeni kwenye jalada nani aliyefanya masteringi, mwaka gani, na kutoka kanda ipi. Tutaamua wenyewe kama tununue au tubaki na nakala ya zamani.

4. Hatujui kanda mama ziko katika hali gani

Kanda mama ni zile za kwanza za studio, ambazo nakala zote hutokana nazo. Nyingi za miaka ya sabini na themanini zina gundi inayonyonya unyevu. Zikizeeka hunata, hukwama kwenye mashine, na unga wa sumaku hubanduka na muziki ukiwa ndani yake. Mafundi huzipasha joto la nyuzi 50 hivi za Selsiasi kwa saa nyingi ili zikubali kuchezwa kwa muda mfupi, nafasi ya kutosha kuzinakili. Kila mwaka unaopita bila kazi hiyo kufanyika ni mwaka wa kupoteza.

Tarehe 1 Juni 2008 moto uliteketeza hifadhi katika eneo la Universal Studios, Hollywood. Umma haukuelewa uzito wa jambo hilo kwa upande wa muziki hadi 2019, gazeti la The New York Times lilipochapisha uchunguzi wake, na ukubwa wa hasara ukabishaniwa baada ya hapo. Miaka 11 ilipita. Wanamuziki wengine walijua hali ya kazi zao kwa kusoma gazeti. Tukiuliza leo kama kanda za bendi tunayoipenda zimenakiliwa, tunauliza tukiwa na kumbukumbu hiyo.

5. Jina la bendi

Hili ni fupi. Aprili 2022 David Gilmour na Nick Mason walitoa "Hey, Hey, Rise Up!" kwa jina la Pink Floyd, wakitumia sauti ya mwimbaji wa Ukraine Andriy Khlyvnyuk iliyorekodiwa akiimba kwenye uwanja wa katikati ya jiji la Kyiv, na mapato yakaelekezwa kwenye misaada ya kibinadamu kwa Ukraine. Kati ya wanabendi wenzao wa zamani, Richard Wright alikuwa amefariki mwaka 2008, Roger Waters hakuwemo. Wapo mashabiki waliosema hiyo si Pink Floyd, na ubishi haujaisha. Ila majina ya waliopiga yalitangazwa siku ya kwanza, akiwemo Guy Pratt kwenye besi na Nitin Sawhney kwenye kibodi. Hatuwaombi mtupigie kura ya nani astahili jina. Tajeni waliopo na wasiokuwepo.

Najua mtakayojibu, maana baadhi yake tumeshajibiwa.

Mtasema wanaojali mambo haya ni wachache, na wasikilizaji wengi wanataka wimbo tu. Inawezekana. Lakini boksi la bei kubwa hanunui msikilizaji wa kupita njia. Linanunuliwa na hao wachache, waliozinunua albamu hizi kwenye santuri, kisha kaseti, kisha CD, na wanaoendelea kuwafundisha watoto wao majina ya wapiga besi. Mnapokaa kwenye vikao na kusema bendi hii bado inauza, mnaowazungumzia ndio hao.

Mtasema wanamuziki wenyewe, au familia zao, hawataki mambo yafichuliwe. Hilo naliheshimu kwa moyo wote. Mwanamuziki ana haki ya kusema kazi fulani haikukamilika na isitoke, na familia ya marehemu ina haki ya kukataa. Lakini kueleza na kutoa ni mambo mawili. "Carnival of Light", kipande cha karibu dakika 14 ambacho The Beatles walikirekodi tarehe 5 Januari 1967, hakijawahi kutolewa. McCartney alitaka kiingie kwenye Anthology miaka ya tisini, Harrison hakuafiki. Tunajua kipo, tunajua kilirekodiwa lini, tunajua kwa nini hakijatoka, na tumeishi nacho hivyo bila ugomvi wowote. Tukiambiwa "hapana" yenye sababu, tunaipokea.

Mtasema ni gharama. Boksi kubwa tayari lina kitabu chenye kurasa nyingi za picha na sifa. Ukurasa mmoja wa tarehe, studio, majina na namba za majaribio hautaifilisi kampuni. Kwa singo ya mtandaoni hata karatasi haihitajiki.

Wapo watakaosema kwamba uchawi wa muziki unapotea ukielezwa. Kwa hili napinga moja kwa moja. Kujua kwamba gitaa la Harrison la 1995 lilingoja hadi 2023 ndipo lipate wimbo wa kukaa, na kwamba mwenyewe hakuwepo kulisikia, kumenifanya niusikilize wimbo ule kwa namna ambayo nisingeweza kabla ya kujua.

Basi, kwa heshima, tunaomba yafuatayo, kuanzia toleo lenu lijalo:

(a) Kila singo ya kuungana tena itoke na orodha kamili ya nani amepiga au kuimba nini, na mwaka ambao kila sehemu ilirekodiwa. Kama sauti imetengwa, imerekebishwa au imeundwa na kompyuta, isemwe ni ipi kati ya hizo tatu. Hazifanani.

(b) Kila seti ya nyimbo adimu itenganishe wazi, kabla ya malipo, rekodi zisizowahi kutoka na zile zilizokwisha kuuzwa. Na hizo zisizowahi kutoka ziuzwe pia peke yake, kwa mtu ambaye albamu anayo.

(c) Jalada litaje fundi wa masteringi, mwaka wa kazi yake, na kanda iliyotumika: kanda mama ya kwanza, nakala, au faili la kidijitali.

(d) Muuambie umma kanda za kila bendi mnayoisimamia ziko katika hali gani: zimenakiliwa, zinangoja, au zimepotea. Kama zimepotea, wanamuziki na familia zao wajulishwe kwanza, kabla ya magazeti.

(e) Kila kampuni iwe na mtu mmoja anayeijua hifadhi, mwenye jukumu la kujibu maswali ya mashabiki. Si kwa siku hiyohiyo, ila kwa ukweli.

Hatutishi kususa. Wengi wetu tutanunua tena hata hivyo, kwa sababu ya sauti zilizomo, na nadhani mnalijua hilo. Lakini mashabiki wa mwanzo wa bendi hizi wanazeeka pamoja na wanamuziki wenyewe, na wapo walioondoka wakiwa bado wanasubiri kujibiwa swali dogo kuhusu wimbo walioupenda maisha yao yote. Waliokuwepo studio wakati ule na bado wako hai wanaweza kulijibu leo. Waulizeni sasa, mtuandikie.

Nitashukuru kupata jibu lenu hadharani, kama nilivyouliza hadharani.

Wenu kwa heshima,

Shabiki na mnunuzi wenu wa miaka mingi